Mashine Inayojishuku

3 Februari

Mwanangu kipenzi,

Kwanza niambie hali yako, maana hiyo ndiyo inayonikosesha raha kuliko yote. Unakula? Usiniambie unakula umesimama huku umeshika waya mkononi, nakujua. Sisi huku hatujambo. Goti langu linasumbua kukiwa na baridi, likipata joto linanyamaza. Jikoni shuleni tumeletewa sufuria mpya, kubwa mno, mtoto wa darasa la kwanza anaweza kuogelea humo. Mpishi mwenzangu anasema tuombe na ngazi.

Najua utasema, mama si ungepiga simu. Simu nikiishika nasahau yote niliyopanga, tunaulizana hali mara tatu halafu inakatika. Kwenye karatasi angalau nakukamata, hukimbii.

Sasa nikwambie kilichonikalisha chini niandike. Shangazi yako alikuja Jumapili. Akauliza, "Hivi yule binti yetu kazi yake hasa ni ipi?" Nikamjibu kwa kujidai, "Yuko karakana kubwa, wanatengeneza mashine za kufulia nguo za hospitali." Weee! Alicheka mpaka akashika ukuta. "Wifi, umesomesha mtoto miaka yote hiyo akafue shuka?" Nikamwambia hafui, anatengeneza. "Anatengeneza nini?" Hapo, mwanangu, nikakwama. Nikasema uliniambia unaifundisha mashine ijipime yenyewe. Akasema, "Ijipime nini, homa?"

Nieleze taratibu, kama unamweleza mtu ambaye darasa la mwisho aliloingia ni lile la watu wazima la jioni, na huko nako alikuwa akisinzia. Nataka shangazi yako akija tena anikute nimejiandaa.

Vaa sweta.

Mimi mama yako

*

16 Februari

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakula, na nakula nimekaa. Sweta ninalo mwilini hivi ninavyoandika. Mpe pole goti.

Haya, sikiliza. Mashine yetu ni pipa la chuma lililolala ubavu, lenye mlango wa kioo mbele. Linameza shuka za wodi nzima. Likifika hatua ya kukamua linazunguka kwa kasi ambayo ukiingiza mkono, hutautoa mzima. Anayeamua lini pipa lizunguke na lini mlango ufunguke si mtu, ni kompyuta ndogo ukubwa wa ukucha wa kidole gumba.

Sasa kidude hicho nacho huugua. Kinaweza kusahau, kinaweza kukosea hesabu, saa yake inaweza kwenda mbio. Na kikiugua hakilii, mama. Kinaendelea kutoa amri kama mzima. Ndiyo maana sheria za usalama zinataka kijipime. Wewe ukiamka, kabla hujashuka kitandani, si unajinyoosha kwanza uone kama goti linakunjika? Nacho ni hivyo hivyo. Kikipata umeme tu kinajiuliza: hesabu zangu ni sahihi? Kumbukumbu yangu inashika? Saa yangu inakwenda sawa? Maagizo niliyoandikiwa hayajaharibika hata herufi moja? Na kazi ikiendelea bado kinajiuliza kidogo kidogo. Halafu pembeni kuna mlinzi. Kila baada ya muda mfupi kompyuta lazima imguse begani, kama kusema nipo. Isipomgusa, au ikimgusa kabla ya wakati, mlinzi anakata mota bila kuuliza.

Jibu lolote likitia shaka, mota inazimwa, mlango unabaki umefungwa, taa nyekundu inawaka. Maswali hayo yote ndiyo ninayoyaandika mimi.

Mwishoni mwa Aprili anakuja mkaguzi wa usalama. Kazi yake ni kuiumiza mashine makusudi aone itafanya nini. Tukipita, hospitali zinaruhusiwa kununua kwetu. Tukianguka, Mkuu wa karakana ameshasema: kitengo chetu kinafungwa, na mimi niliyeajiriwa kwa ajili ya kitengo hicho nafunga virago. Kwa hiyo niombee, na mwambie shangazi homa haimo.

Ni mimi mwanao

*

1 Machi

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, goti limezipokea. Umelala vizuri? Barua yako nimeisoma mpaka mikunjo inataka kukatika.

Shangazi yako nimemweleza. Nilimwambia, "Binti yetu anaandika maswali, mashine inayajibu, ikijibu vibaya inajizima." Akasema, "Kaka yangu angefungwa kidude hicho tungepumzika wote." Tulicheka mpaka baba yako akatoka chumbani kuuliza kulikoni. Tukamwambia ni mambo ya kufua.

Ila kuna kitu kinanikereketa, nisipokisema sitapata usingizi. Chombo kinachojishuku asubuhi mpaka jioni kitafua saa ngapi? Mimi nikisimama kila kijiko cha chumvi nijiulize kama mkono wangu ni mzima, wanafunzi watakula kesho. Nakuona na wewe utakuwa hivyo hivyo, unajishuku, hulali, unakonda. Mtu akae na kazi kama hiyo haitamwingia kichwani?

Halafu huyo Mkuu wako usibishane naye. Ulimi wako umeuchukua kwangu, na mimi unajua umenifikisha wapi. Msikilize, itikia, fanya kazi yako.

Nakuombea kila siku, wewe na mlinzi wako yule wa begani.

Mama yako

*

9 Aprili

Mama,

Shikamoo, na nisamehe ukimya. Mimi mzima. Fundi mwenzangu tunayemwita Miwani naye mzima. Naanza na hilo ili yanayofuata uyasome bila kushika kifua.

Juzi tulikuwa tunaijaribu mashine ikiwa imejaa shuka. Pipa linakamua kwa kasi yake yote. Umeme ukakatika na kurudi papo hapo, kama mtu aliyepepesa jicho. Kompyuta ikaamka, ikajipima kama nilivyoifundisha, ikajikuta nzima kabisa. Kisha ikafungua mlango. Pipa bado linazunguka, mama! Miwani alikuwa amesimama mbele yake, akadhani kazi imekwisha, akapeleka mkono. Nilipiga ukelele ambao sijui ulitoka wapi. Mkono akauwahi, ila taulo alilolishika lilinyakuliwa likapasuka. Alikaa sakafuni, akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

Kosa ni langu. Sikiliza lilivyo. Ukitaka kujua kama sufuria inavuja, unamwaga kilichomo, unajaza maji, unaangalia. Jaribio langu la kumbukumbu lilifanya hivyo: lilimwaga kilichomo ili lipime. Katika kumwaga, likamwaga na habari kwamba pipa linazunguka. Kompyuta ikabaki haijui lolote, na mimi nilikuwa nimeiandikia kwamba usipojua lolote, basi ni mwanzo wa kazi na pipa limesimama. Jaribio nililoliweka kulinda mikono ya watu ndilo lililofungua mlango. Siku zote tulikuwa tukilijaribu pipa likiwa limetulia, kwa hiyo hakuna aliyeliona.

Nimemweleza Mkuu. Akasema, "Umeme ukatike na urudi wakati huo huo, pipa likiwa kwenye kasi, na mtu awe mlangoni? Hayo hutokea lini? Mkaguzi hatalijaribu hilo. Tupite kwanza, utalirekebisha baadaye." Anasema karatasi zimeshatumwa, na kuahirisha ni kujitangaza kwamba kazi hatuijui. Mwenye karakana naye amechoka kutusubiri.

Nikinyamaza, huenda tukapita. Nikisema, huenda nikapoteza kila kitu. Ungekuwa wewe, mama, ungefanyaje?

Mwanao

*

15 Aprili

Mwanangu,

Nilianza kuisoma barua yako nimesimama, nikaimaliza nimekaa. Mkono wa yule kijana! Mpe pole, mwambie mama wa mwenzako anamwambia anywe maji mengi apunguze mshtuko.

Umeniuliza, nami nakujibu kama mama. Nyamaza. Najua si neno ulilolitaka. Mkuu amesema baadaye, na baadaye ipo. Pita kwanza, ukae imara, ndipo urekebishe taratibu bila watu kukuelekezea vidole. Wewe ni msichana peke yako mle ndani. Wakiahirisha wengine itaitwa bahati mbaya, ukiahirisha wewe watasema si tulijua. Nilikuona ulivyoitafuta kazi hiyo. Nilikuona ulivyorudi na viatu vimeisha, unasema hawakuniita, ukaamka kesho yake ukaenda tena. Siwezi kukuona ukirudi hivyo mara ya pili, moyo wangu hautaweza.

Nyamaza, mwanangu. Nakuomba.

Mama yako anayekupenda

*

4 Mei

Mwanangu,

Siku ya mkaguzi imepita na sijasikia neno. Simu yako inaita tu mpaka inachoka. Sijawahi kuandika barua juu ya barua, lakini leo naandika. Uko salama? Umekula?

Wiki iliyopita nilikwenda hospitali kumwona jirani aliyejifungua. Wakati wa kutoka nikakosea njia, nikatokea upande wa nyuma, kwenye chumba chao cha kufulia. Wanawake wamevaa aproni za plastiki, mvuke umetanda, kelele tupu. Mmoja anamsimulia mwenzake habari za mchumba wa dada yake, anacheka, uso ameugeuzia huku, na mkono umeshatangulia kwenye mashine unatoa shuka. Haangalii, mwanangu. Kwani nani ataangalia? Mlango ukifunguka, mkono unaingia. Nilisimama pale mpaka mmoja akaniuliza, "Mama, umepotea?" Nikamwambia ndiyo.

Barua yangu ile ichane. Nilikuwa nakutazama wewe tu, yule mwenye kucheka sikumwona. Sema. Mkuu akikataa kusikia, mwandikie mkaguzi wewe mwenyewe. Wakikufukuza, rudi nyumbani na viatu vyovyote vile. Kazi jikoni haikosi, tutapika wote, na shangazi yako akithubutu kucheka nitamwagia maji ya vyombo.

Nijibu hata mstari mmoja.

Mama yako

*

12 Mei

Mama yangu,

Shikamoo mara mbili, maana barua zako mbili nimezipata kwa pamoja. Nimekuwa naishi karakana, chumbani sipiti ila kubadilisha nguo, na simu inalala kabatini kwa sababu karibu na vipimo vyetu hairuhusiwi. Nisamehe kwa kukutia wasiwasi. Mimi mzima, na bado nina kazi.

Ya kwanza inasema nyamaza, ya pili inasema sema. Nilizisoma kwa mpangilio huo huo, nikacheka peke yangu mpaka Miwani akauliza kama nimeanza kuumwa. Samahani, mama. Nilishasema hata kabla ile ya kwanza haijafika. Sikukutii, na ruhusa yako imekuja kunikuta nimeshamaliza kosa!

Ilikuwa hivi. Nilimwita Mkuu kwenye mashine, mafundi wote wapo. Nikawasha, pipa likashika kasi. Nikamwambia Miwani akate umeme na kuurudisha. Mlango, tik, ukafunguka. Nikasema, "Mkuu, shuka ziko tayari. Toa."

Akanitazama. Akalitazama pipa. Mikono akaitia mfukoni. Pipa linavuma. Akasema, "Zima hicho kitu." Nikazima. Kisha akasema, "Leteni karatasi. Mkaguzi namwandikia mimi mwenyewe." Alipoondoka mtu mmoja nyuma akanong'ona, "Kwa huyu dada tusikope hata sukari, atatudai mbele za watu," watu wakacheka, pumzi zikarudi.

Mkaguzi amekubali kuja Juni. Mwenye karakana amesema ni mara ya mwisho, tukianguka hakuna tena kitengo. Kwa hiyo nimeanza upya. Sasa kompyuta ikiamka bila kujua lolote, inatakiwa iamini pipa linazunguka. Mlango haiugusi mpaka ilisikilize pipa lenyewe na kuhakikisha limetulia. Na kazi ikiendelea, kumbukumbu inapimwa kidogo kidogo: kilichomo kinahamishiwa pembeni, sufuria inapimwa, kilichomo kinarudishwa. Hakimwagwi tena kitu.

Mkuu amesema siku hiyo kila mmoja wetu anaweza kuleta mgeni mmoja, sharti asiguse kitu. Njoo, mama. Nikianguka nataka uwepo, na nisipoanguka nataka uwepo zaidi.

Mwanao mkaidi

*

20 Mei

Mkaidi wangu,

Umzima? Nakuja. Ruhusa shuleni nimeshapewa, mpishi mwenzangu amesema nisipokwenda atakwenda yeye. Shangazi yako anataka aje naye, nimemwambia mgeni ni mmoja, amenuna, sasa ananikopesha mkoba wake mzuri kwa masharti.

Nijibu haya: nivae viatu vya kufunika? Huko ndani ni baridi? Mkaguzi nimsalimie au ninyamaze? Na hivi nilivyo na mkosi wa vitu vya umeme, baba yako anasema redio yetu hukwaruza nikipita tu, sitaiharibu mashine yako kwa kusimama karibu?

Nimeanza kupanga nguo, ingawa bado siku nyingi.

Mama yako

*

28 Juni

Mwanangu,

Nimefika salama, usiwe na shaka. Baba yako hajambo, nimemkuta ameunguza sufuria ya chai lakini nyumba ipo. Na wewe umelala? Sasa huna kisingizio, lala.

Najua ulikuwepo siku ile, lakini wewe ulikuwa umeinamia skrini yako, hukuyaona niliyoyaona mimi. Kwa hiyo tulia nikusimulie kazi yako mwenyewe.

Nilikuwa nimekalia mikono yangu, kweli kabisa, nimeikalia ili isiguse kitu. Yule mkaguzi nilitegemea mtu wa kufoka. Kumbe kijibaba kifupi, sauti ya mtu anayeuliza njia. Nikajisemea huyu ni mpole, atatuhurumia. Akafungua mkoba akatoa waya, mwanangu, akaanza kuichokoza mashine yako kama ana ugomvi nayo. Akaharibu kumbukumbu, pipa likasimama, taa nyekundu. Akaichelewesha saa yake, taa nyekundu. Akaharibu herufi moja tu katika maagizo, moja! Taa nyekundu. Akaizuia isimguse yule mlinzi begani, mota ikakatwa hata sijavuta pumzi. Kila ikiwaka taa mimi moyo unaniruka, nadhani tumeanguka. Miwani akaninong'oneza, "Mama, nyekundu ndiyo nzuri." Nikamwambia, "Ungenieleza mapema, mwanangu, ningekuwa nimeshazeeka kidogo tu."

Halafu yule bwana akasema, kwa sauti ile ile ya kuuliza njia, "Nimesoma barua ya Mkuu. Tufanye lile la umeme." Hapo nilikuona. Ulinyanyua kichwa, ukaangalia juu mara moja, ukarudi kwenye skrini. Mkuu alikuwa ameshika kiti kwa mikono miwili.

Pipa likashika kasi, sakafu inatetemeka mpaka kwenye goti langu. Akakata umeme. Akaurudisha. Nikamsikia mtu ameacha kupumua, kumbe ni mimi. Akaenda mlangoni mwenyewe akavuta. Ukakataa. Akavuta kwa mikono miwili. Ukakataa. Akaweka mguu kwenye mashine, mtu mzima yule na tai yake, akavuta mpaka shingo ikamtoka mishipa. Ukakataa kabisa. Pipa likazunguka, likachoka, likazidi kuchoka, likasimama. Bado mlango kimya. Mashine inasikiliza. Halafu, tik.

Mkaguzi akaingiza mkono, akatoa shuka, akaikunja vizuri. Akasema, "Turudie." Akarudia, na akarudia tena, pipa likiwa katika kila kasi, mpaka Miwani akasema umeme wenyewe utachoka. Hata mara moja haikufungua. Ndipo akageuka akauliza maswali ya kujipima ameandika nani. Watu wote wakakugeukia, hakuna aliyejikohoza, hakuna aliyesema "sisi." Mkuu akasema, "Huyu. Na hitilafu ile aliigundua yeye, mimi nilitaka kuificha." Mbele ya mwenye karakana! Mkaguzi akakupa mkono, akasema kazi nyingi zinazofika kwake zinajipima ili zipite, hii yako inajipima ili isiumize mtu. Akatia sahihi. Nikashtukia napiga makofi peke yangu, mkoba wa watu umeanguka chini, kisha karakana nzima ikaniunga mkono, mpaka yule wa sukari alikuwa juu ya meza.

Ulipopewa uongozi wa kitengo, mimi sikusikia vizuri, nilikuwa nalia. Miwani ndiye aliyenirudilia maneno.

Nilikuwa naogopa chombo kinachojishuku, nikadhani na wewe utaishia hivyo. Sasa nimeelewa. Nilipokuona unampa mkono yule bwana, hukutetemeka hata kidogo.

Kwenye basi la kurudi sikuweza kunyamaza. Nilimweleza dereva, nikamweleza kondakta, nikamweleza dada mmoja mwenye mtoto mgongoni, mtoto akalala. Kiti cha pili alikaa mzee mmoja na gazeti lake. Nikamwambia, binti yangu ametengeneza mashine kubwa, imepita leo, hospitali zitaanza kuinunua. Akakunja gazeti kwa adabu. "Hongera sana, mama. Na hiyo mashine inafanya nini cha ajabu?"

Nikamwambia, "Inakataa kufungua mlango."

Akanitazama vizuri, aone kama nina akili zangu. "Mama, mlango usiofunguka nao ni sifa?"

Nikamsogezea mkoba wa shangazi yako pembeni, nikamwambia, "Sogea hapa, mzee, safari bado ndefu."

Mimi mama yake mhandisi